Mzee alisema "nadhani", wakili akahesabu, nasi tukamwachia mshtakiwa

Bint Pangani (ameanzisha mada)

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu mwezi wa tatu na nimeona bora nilitue hapa, mahali ambapo nitaeleweka kwa lugha yangu. Naishi Ohio, Marekani, mwaka wa kumi na nne sasa. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilishapata uraia, na huku ukishakuwa raia siku yoyote mahakama inaweza kukuita ukae kwenye juri. Barua yangu ikaja. Tuliitwa zaidi ya watu arobaini, mawakili wa pande zote mbili wakatuhoji, wengine wakarudishwa makwao, na mchana nikajikuta kiti cha saba kati ya kumi na mbili.

Kwa ambao hawajaona mambo haya: hao kumi na mbili si wanasheria. Kwetu alikuwemo fundi bomba, mwalimu mstaafu, kijana wa ghalani, mama mwenye duka la maua. Jaji anasimamia sheria, adhabu ni kazi yake, lakini neno la hatia au la kutokuwa na hatia ni letu, na kwenye kesi kubwa ya jinai lazima wote kumi na mbili wawe na neno moja.

Kesi imekwisha na jaji alituambia tuko huru kuizungumza. Hata hivyo sitataja mji wala jina la mtu.

Kijana mmoja alipigwa kwa bomba la chuma kwenye maegesho ya magari, nyuma ya nyumba za kupanga, saa saba kasoro usiku. Taya lilivunjika. Alipigwa kwa nyuma, hakuona kitu. Aliyeona ni mtu mmoja tu: mlinzi wa pale, mzee kutoka Afrika Magharibi, umri wa marehemu baba yangu. Alitoa ushahidi kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila mkalimani.

Alipanda kizimbani na koti limenyooshwa vizuri, kofia kaishika kwa mikono miwili. Akaulizwa kama aliyempiga kijana yumo humu ndani. Hakunyoosha kidole. Aligeuza kiganja taratibu kuelekea meza ya utetezi akasema, "Nadhani ni yule bwana pale, samahani."

Ndugu zangu, mimi nilimwelewa pale pale. Mtu mzima aliyelelewa akaleleka hasimami mbele ya kadamnasi akamwambia mtoto wa mwenzake "wewe ndiye uliyefanya." Baba yangu aliwahi kuibiwa nazi, mwizi anamjua kwa jina na kwa ukoo, na kwa mjumbe alikwenda kusema, "Nadhani kijana wa fulani alipita shambani, kama sikosei." Nilipomsikia yule mzee nilimsikia baba. Sikusikia shaka hata kidogo.

Sasa wakili wa utetezi. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, sauti nzito ya chini, hana haraka na kitu. Anauliza swali fupi, halafu ananyamaza. Ule ukimya ulikuwa unatuvuta mbele kwenye viti. Hakumkemea mzee hata mara moja. Kila mzee aliposema "nadhani", wakili alilirudisha lile neno peke yake, polepole, "Unadhani," kisha akageuka kututazama sisi. Basi. Mzee akazidi kusema samahani.

Mwendesha mashtaka alikuwa dada kijana, kama miaka thelathini. Alisoma kwenye karatasi, akasema mbiombio, sentensi zake ndefu hata mwanzo unausahau. Kwenye majumuisho alipandisha sauti, na mwenzetu mmoja baadaye akasema, "Ametufokea." Yule wakili naye alipandisha sauti, tena alipiga kiganja kwenye ukingo wa mbao mbele yetu, na mwenzetu yule yule akasema, "Huyu anakiamini anachokisema." Nililiona hilo. Sikulisema.

Maneno ya mwisho ya wakili ninayo kichwani mpaka leo: "Nimehesabu. Mara kumi na moja. Mara kumi na moja shahidi wao pekee amewaambia kwamba anadhani. Mtampeleka mtu gerezani kwa kudhani?"

Jaji alitusomea maelekezo, na ndani yake kuna sentensi wazi kabisa: maneno ya mawakili si ushahidi. Sote tuliitikia kwa kichwa. Tukaingia chumbani, na haikupita robo saa msemaji wetu akasema, "Mzee mwenyewe hana uhakika, kasema anadhani mara kumi na moja." Hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu. Ile kumi na moja ilitoka kinywani mwa wakili ikaingia nasi chumbani, ikakaa mezani kama ushahidi.

Kura ya kwanza: tisa hana hatia, watatu ana hatia. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu. Jioni hatukuwepo tena. Na kinachoniuma siyo kwamba nilibadilisha kura. Kinachoniuma ni kwamba nilijua maana ya ile "nadhani" na sikufungua mdomo. Mimi pia nina lafudhi. Niliogopa wataona namtetea Mwafrika mwenzangu.

Haki lazima niseme na upande wa pili. Taa ya karibu ilikuwa imeungua, polisi mwenyewe alikiri. Kutoka kibandani kwa mzee hadi pale ni hatua thelathini na kitu. Shaka ilikuwepo. Inawezekana tulitenda sawa.

Swali langu: nitajuaje kama niliamua kwa ile taa, au niliamua kwa sauti ya yule wakili? Wenye ujuzi wa mahakama, ukalimani, au waliosomea mambo ya akili, naomba mnisaidie.

---

Chuma cha Reli

Dada pole, ila unajitesa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Usiku, taa imeungua, shahidi mmoja, hatua thelathini. Wakili hata angesoma gazeti mlitakiwa kumwachia. Mtu kuwa na wakili anayejua kusema siyo kosa, ni haki yake. Kosa lingekuwa kumfunga mtu kwa sababu wewe ulimkumbuka baba.

---

Bint Pangani

Ahsante kaka, na hilo la baba nimelipokea, nimeliwaza sana. Ila kama ingekuwa ni taa, tungezungumza taa. Kwenye saa nne na nusu za kukaa mle chumbani taa haikuchukua hata nusu saa. Muda wote uliobaki tulikuwa tunazungumza jinsi mzee alivyosema, na jinsi yule dada alivyosoma karatasi.

---

Mkalimani wa Mvita

Bint Pangani, nimesoma maneno yako nikiwa kwenye gari nje ya mahakama, nikashindwa kushuka. Mimi mtu wa Mombasa, niko Kentucky, hii ndiyo kazi yangu mwaka wa tisa: nakalimani mahakamani Kiswahili kwa Kiingereza, na wengi ninaowasemea ni ndugu zetu wa Kongo. Hicho ulichokiona kina jina na kimechunguzwa zamani.

Mwaka 1974 mwanaanthropolojia William O'Barr wa Duke University na wenzake walikaa mahakamani kule Durham, North Carolina, wakarekodi kesi kiangazi kizima. Waliona mashahidi wanasema kwa namna mbili. Wako wanaosema moja kwa moja. Wako wanaosema kwa "nadhani", "labda", "kama vile", "samahani bwana", "eeeh", na jibu linapanda mwishoni kama swali. Wakachukua ushahidi mmoja, ukweli ule ule, wakautengeneza kwa namna zote mbili, wakawapa watu wasikilize kanda. Aliyesema moja kwa moja aliaminiwa zaidi, awe mwanamume au mwanamke. Yule wa "nadhani" alionekana hafai, na jambo alilosema ni lile lile! Namna ya kwanza waliiita usemi wenye nguvu, ya pili usemi usio na nguvu. Matokeo yalichapishwa 1978.

Angalia ni nani husema vipi. Daktari na polisi wamezoea kizimba, wanasema kwa usemi wa nguvu. Asiyekizoea, maskini, mgeni, mtu mwenye adabu ya kwao, anasema ule mwingine. Kabla ya hapo watu walidhani ni mambo ya wanawake tu. O'Barr akaona ni cheo cha mtu na uzoefu wake wa mahakama.

Niwape ya kazini kwangu. Shahidi anaulizwa tukio lilikuwa saa ngapi. Anajibu, "Ilikuwa kama saa tatu hivi za usiku." Kwanza lazima niibadilishe saa, maana saa tatu yetu ni saa ya tisa yao, na nikizembea hapo nimempoteza mtu. Halafu kuna "kama" na kuna "hivi". Nimeapa kutopunguza wala kuongeza, kwa hiyo vyote viwili lazima nivitie kwenye Kiingereza. Na vikishaingia vinakuwa vizito. Wakili anarukia: "Kama? Una uhakika gani?" Lakini nani katika sisi husema "saa tatu na dakika nne"? Hata aliyekuwa ameitazama saa ya ukutani atasema "kama saa tatu hivi". Ni namna ya kuliweka neno chini taratibu, usimtupie mtu usoni. Mimi nimesimama pale nalijua hilo, na siruhusiwi kulieleza, maana mkalimani si shahidi. Nikiona maana inapotea naweza kumwomba jaji, na jaji anaweza kuwauliza wakili au shahidi wafafanue. Juri hailetewi somo la adabu za Waswahili.

Lakini msifikiri adabu yote hushusha. Susan Berk-Seligson alichunguza wakalimani wa Kihispania katika mahakama za Marekani, kitabu chake ni cha 1990. Aliona wakalimani wengi wanaacha yale maneno ya heshima, "ndiyo bwana" inakuwa "ndiyo" kavu. Alipowasikilizisha watu kanda mbili, moja ina heshima na moja haina, yule shahidi mwenye heshima alionekana mkweli zaidi na mwenye akili zaidi. Kwa hiyo naamini "samahani" ya mzee wako haikumuangusha peke yake. Kilichomuangusha ni "nadhani" iliyoshikwa na wakili mwenye kujua kazi yake, akaitoa kwenye adabu akaitia kwenye hesabu.

Nina swali moja kwako, na unijibu bila haraka. Ukitaka kujua kama neno ni shaka au ni mazoea ya mtu, tafuta kama alilitumia hata mahali pasipo na shaka. Je, mzee alisema "nadhani" kwenye uso wa mshtakiwa tu, au na kwengine? Jaribu kukumbuka.

---

Wakili Kagera

Naomba nichangie kutoka upande wa nyumbani. Mimi ni wakili, Bukoba. Sisi hatuna juri ya kumi na mbili, lakini tulikuwa na wazee wa baraza, na wengi humu wadogo kwa umri hawajawaona wakifanya kazi.

Kesi ya mauaji Mahakama Kuu ilikuwa lazima isikilizwe na jaji akiwa na wazee, wawili au watatu. Mwishoni jaji anawafupishia ushahidi na sheria, kisha kila mzee anatoa maoni yake kwa mdomo. Jaji habanwi na maoni hayo, ila akiyakataa ilitarajiwa aeleze kwa nini. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022 kuwa nao si lazima tena, ni mpaka mahakama ielekeze. Kenya waliwaondoa kabisa 2007. Na kumbukeni mfumo ulikotoka: Kenya ya mkoloni, Mzungu alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, Mwafrika akapewa jaji na wazee ambao neno lao halimbani jaji. Mimi naamini hilo lilikuwa tusi, ingawa wazee wenyewe walikuwa hazina.

Mwaka 2009 nilipangiwa na mahakama kumtetea mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo wa kuweka wakili. Nilikuwa kijana, nimejaa sauti. Shahidi mkuu alikuwa mjane wa marehemu. Kwenye maswali ya dodoso nilimbana, nikapaza sauti, nikamkatiza, nikamwambia "jibu ndiyo au hapana!" Kwa macho yangu mwenyewe nilikuwa nashinda. Alijikanganya mara tatu.

Ikafika zamu ya wazee kuuliza. Mzee mmoja, kanzu na kofia ya mkono, akamwuliza kwa upole kabisa: "Mama, ulipotoka nje mbio, ulivaa ndala au ulitoka miguu mitupu?" Akasema miguu mitupu. "Ardhi ilikuwaje?" Akasema matope, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Na mashahidi wawili kabla yake walikuwa wamesema usiku ule ulikuwa mkavu na mbalamwezi. Swali lile lilimsaidia mteja wangu kuliko kelele zangu zote. Mimi, wakili, nililala na jalada lile wiki mbili na sikuwaza kuuliza ndala.

Wazee wote watatu wakasema ana hatia! Pamoja na matope. Wakili mkubwa niliyekuwa chini yake akaniambia nje, "Wazee wamekukasirikia wewe, siyo mteja wako. Umemfokea mfiwa." Jaji akaandika hukumu ndefu, akasimama kwenye mvua na mbalamwezi, akamwachia.

Ndiyo maana nakuelewa, dada. Na hapa ndipo naona tofauti kubwa na huko kwenu. Jaji wetu analazimika kuandika sababu. Kama alivutwa na sauti, ataaibika atakapotafuta sababu ya kuandika, na Mahakama ya Rufani itaisoma. Juri inatamka neno moja tu. Haiandiki kitu. Sauti ya wakili ikishapita mle chumbani haiachi alama ambayo mtu anaweza kuifuata. Kwa mshtakiwa wako jambo limekwisha pia: akishaachiwa na juri hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile.

Kitu kimoja zaidi kuhusu lugha. Miaka mingi mashahidi wetu walisema Kiswahili, wazee wakasikia Kiswahili, lakini kumbukumbu ya jaji ikaandikwa Kiingereza. Ile "nadhani" ya shahidi iliandikwa vipi kwenye jalada? Mara inaandikwa, mara inaachwa. Sheria ya 2021 ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hilo si dogo.

---

Mwalimu Makunduchi

Mimi mwalimu wa fasihi, nimestaafu. Nina mapenzi na jambo hili kwa sababu ya vina.

Wengi mnaikumbuka kesi ya O. J. Simpson, yule mwanamichezo wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, Los Angeles, 1995. Wakili wake Johnnie Cochran aliwaambia juri kwamba kama glovu iliyoletwa kama ushahidi haimtoshi basi hawana budi kumwachia. Kwa Kiingereza chake maneno yale yana kina, yanagongana mwishoni kama mistari ya shairi. Kesi ya miezi mingi, juri ilijadiliana kwa muda usiofika saa nne. Sisemi ni kina kilichomwachia mtu, palikuwa na mambo mazito mle ndani, pamoja na polisi aliyeonekana kuwa mbaguzi. Lakini mwaka 2000 watafiti wawili, Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh, waliwapa watu methali zenye kina na methali zile zile zilizovunjwa kina. Zenye kina zilionekana za kweli zaidi. Sisi tuliolelewa na "haba na haba hujaza kibaba" tunalijua hili mwilini. Jaribu kusema "kidogo kidogo hujaza kibaba" uone inavyopoa.

Na hapa, Bint Pangani, ndipo penye jibu lako. Watu walipoambiwa mapema watenganishe uzuri wa maneno na maana yake, nguvu ya kina ilipungua. Jambo likitajwa wazi linapungua nguvu.

Kwenye lafudhi pia. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chicago waliwasikilizisha watu sentensi ndogo, mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji kwa muda mrefu kuliko ngamia. Msemaji mwenye lafudhi ya kigeni hakuaminiwa kama mwenyeji, ingawa wasikilizaji walijua anasoma tu alichopewa. Walipoelezwa kuhusu athari hiyo, kwa lafudhi nyepesi waliweza kujirekebisha. Kwa lafudhi nzito hawakuweza. Nilisikitika niliposoma hapo, sifichi.

Yule mwenzako aliyesema dada "ametufokea" na mwanamume "anaamini", hilo nalo limepimwa. Hahn na Clayton, 1996, walitengeneza kesi ya mfano: wakili mkali alifaulu zaidi ya mpole kumwachisha mteja wake, na wakili mwanamume alifaulu zaidi ya mwanamke.

Ila nisimvunje moyo mtu. Kalven na Zeisel wa Chicago walikusanya kesi za jinai 3,576 zilizoamuliwa na juri, wakawauliza majaji wao wangeamua vipi. Kwa karibu asilimia 78 jaji na juri walikubaliana. Kitabu chao kilitoka 1966. Kesi nyingi ushahidi wenyewe umeshaamua, na sauti inafanya kazi pale penye mizani iliyosimama katikati. Kesi yako ilikuwa pale hasa: taa upande huu, mzee upande huu.

Na pengine si sauti peke yake, ni hadithi. Pennington na Hastie, miaka ya 1980, walichukua ushahidi mmoja wa mauaji wakaupanga kwa njia mbili. Mashtaka yakipangwa kama hadithi, tukio baada ya tukio, na utetezi ukiachwa umetawanyika shahidi kwa shahidi, asilimia 78 ya watu walisema ana hatia. Ukigeuza mpangilio, ikashuka hadi 31. Yule dada wako alisoma karatasi ndefu hata mwanzo mkausahau. Mwenzake alikuwa na hadithi ya neno moja.

---

Mkalimani wa Mvita

Mwalimu, hapo pa lafudhi nzito umeniumiza na mimi. Bint Pangani, bado nangoja jibu la swali langu.

---

Bint Pangani

Nimechelewa, nilikuwa na zamu tatu mfululizo. Nimewasoma wote, na wewe Wakili Kagera nimekusoma mara mbili, ile ya ndala nimewasimulia hata wenzangu kazini.

Madaftari yetu ya juri yalikusanywa siku ile ile kuharibiwa, kwa hiyo nina kichwa changu tu. Jana alfajiri nilikuwa namgeuza bibi mmoja kitandani, mkimya, hasemi sana. Nikamwuliza kama anasikia baridi. Akasema, "Nadhani nasikia baridi, mwanangu." Mikono yake ilikuwa barafu. Pale pale ikanirudia.

Mwanzoni kabisa, kabla ya habari ya bomba na taa, yule dada alimwuliza mzee amefanya kazi ya ulinzi pale miaka mingapi. Akasema, "Nadhani miaka tisa, kwa neema ya Mungu." Mwajiri wake alikuwa amethibitisha tisa. Halafu akaulizwa nani aliwapigia polisi usiku ule. Akasema, "Nadhani ni mimi niliyepiga." Na wote tulishasikia ile simu! Ilichezwa mahakamani asubuhi ile, sauti ni yake, jina kalitaja mwenyewe, anahema, anasema njooni haraka, mtoto wa watu anakufa.

Hizo mbili zilikuwemo kwenye ile kumi na moja. Wakili alizihesabu pamoja na zile nyingine.

Taa bado ilikuwa imeungua. Hilo halijabadilika, na Chuma cha Reli usidhani nimelisahau. Lakini nilikuwa kiti cha saba, nilisikia simu kwa masikio yangu, na mezani palikuwa na watu kumi na mmoja ambao wangeelewa kama ningewaambia: msikilizeni tena pale aliposema anadhani ni yeye aliyepiga.